Waliochukua Sufuria Yangu

Jumapili, 22 Septemba

Jumapili nyingine bila kazi. Kontrakta Muthama ameenda kutafuta simiti, sisi tumebaki na mto usio na maji. Wenyeji wanauita mto. Mimi naona barabara ya mchanga iliyopita katikati ya miiba. Leo nimeutembea kwenda juu, nikarudi, nikautembea kwenda chini. Sijui nilikuwa natafuta nini. Miguu ya mtu wa mjengo haijui kukaa.

Chumba changu kiko nyuma ya duka la Muindi, sokoni Ikutha, Ukambani. Kitanda, mtungi, jiko, sufuria moja. Sufuria ni ya Mama. Alinipa siku ninaondoka nyumbani Ruiru, akasema mtu anayejipikia hapotei kabisa. Nimekaa Mtito, nimekaa Kibwezi, sasa hapa. Sufuria imekuja nami kote. Imekuwa nyeusi kuliko mimi.

Hapa hakuna anayeniita Ndichu. Jina langu ni Kiambu. Kiambu, leta mawe. Kiambu, kwenu pia kuna joto hivi? Nimewaeleza kwamba Kiambu si mtu, ni kaunti nzima ya kwetu, imeizunguka Nairobi kutoka magharibi, ikapita juu, ikashuka mpaka mashariki. Munyao, msimamizi wetu, akasema basi mimi ni ua wa michongoma wa Nairobi, na mtu akitaka kupanua boma lake anaanza kwa kung'oa ua. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Baadaye nilipokuwa peke yangu sikuona kichekesho.

Jumatano, 25 Septemba

Mawe. Mawe. Mawe. Mgongo umekataa.

Tunajenga ukuta wa kukata mto. Si bwawa la maji kama ninayoyajua. Mvua ikija, mto unaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, maji yanajificha ndani ya mchanga. Kiangazi akina mama wanachimba kidogo tu wanapata maji safi. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilifikiri wananichezea. Kuhifadhi maji kwenye mchanga! Lakini Munyao amenipeleka kwenye ukuta wa zamani kule juu, akafukua kwa mkono. Maji. Baridi.

Anasema mvua ni mwisho wa Oktoba. Ukuta usipofika mabegani kabla ya mto kushuka, mto utaubeba wote na kazi ya mwaka mzima ya watu hawa.

Leo tulienda na lori kuchota maji ya kuchanganyia simiti mto Athi. Povu jeupe kama la sabuni. Nzisa alikuwa hapo, mjane mwenye mdomo mkali, amekuja na punda wake. Akaniuliza kama najua maji haya yanatoka wapi. Najua. Mto wetu wa Ruiru unaingia humu, na ule wa Nairobi unaingia humu. Akasema, "Kiambu, nyinyi mnaoga, sisi tunakunywa." Nikaangalia yale maji yakipita. Pengine wiki hii yalipita nyuma ya choo cha Mama.

Jumamosi, 28 Septemba

Jumamosi si siku yetu vibarua. Ni siku ya mwethya. Mwethya ni kikundi chao cha kufanyiana kazi, leo kwangu, kesho kwako. Wengi ni akina mama. Mfadhili ametoa simiti na mafundi, wao wanatoa mawe na mchanga kwa mikono yao, bila malipo.

Nilichoka kulala. Nikaenda kuangalia. Wanabeba mawe wakiimba, jiwe linapita mkono kwa mkono kutoka kilimani mpaka mtoni. Kulikuwa na pengo kwenye mstari, mama mmoja alikuwa amekaa kufunga kiatu. Nikaingia pale. Sikutoka mpaka mchana.

Wakapakua isyo, mahindi na maharagwe, na parachichi juu. Mwenyekiti wao, Mama Kalunde, mwanamke mnene wa sauti ndogo, akanijazia bakuli. Nikala. Akaniongeza. Nikala. Nilipomaliza wote walikuwa wananiangalia na mmoja akapiga kigelegele. Nilifikiri wanafurahia jinsi ninavyokula.

Siku nzuri kuliko zote tangu nije.

Jumanne, 1 Oktoba

Mama amepiga simu. Kawaida anapiga Jumapili. Nilijua kabla sijapokea.

Gicheha amepata mtu wa kununua. Gicheha ni ndugu yangu mdogo. Ni broka wa ploti, viatu vyake havijui vumbi. Ameuza za watu wengi, sasa amefika kwetu. Robo ekari, ndiyo yote iliyobaki ya Baba. Kahawa iling'olewa zamani. Kushoto gorofa, kulia gorofa. Jua linafika kwa Mama likiwa katikati ya mbingu tu, kisha gorofa la pili linalichukua. Wapangaji wa pale wakiulizwa kwenye simu wako wapi, wanasema Nairobi. Wanalala Kiambu, wanaoga Kiambu, wanasema Nairobi.

Mnunuzi ataweka gorofa la tatu. Mama atapewa chumba kimoja juu, bure, maisha yake yote. Gicheha anasema hiyo ni heshima. Mama akaniuliza, "Ndichu, kuku nitawafuga wapi huko juu? Na nikifa watanishusha na kamba?"

Nikamwambia sikubali. Akasema usiniambie mimi, njoo uwaambie wao.

Tangu hapo sijakaa. Nimezunguka soko lote mara kadhaa, Muindi akaniuliza kama nimepoteza mbuzi.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nililala mchana. Mara ya kwanza kwa wiki nzima usingizi ulinishika. Nikaamshwa na wimbo. Nikafungua mlango — mwethya wote! Nyuso kavu, majembe mabegani. Nzisa akanipita kama mlango ni wake, akaingia, akatazama huku na huku, akachukua sufuria ya Mama. Ilikuwa na mabaki ya ugali. Akakung'uta ugali kwa kuku wa Muindi. Wakaondoka wakiimba. Na sufuria.

Nikawakimbilia miguu mitupu. Nikauliza ni wizi gani huu wa mchana na nyimbo. Kalunde akanijibu kwa upole kabisa kwamba leo sikuonekana mtoni.

Nikasema mimi si wa kikundi. Mimi ni kibarua wa Muthama.

Akasema, "Ulishika jiwe, ukala isyo. Hakuna aliyekushika mkono."

Nikamwendea Munyao nikiwa nimewaka. Akacheka mpaka akashika ukuta. Ulikula? Nilikula. Uliongezwa? Niliongezwa. Basi, akasema, wewe ni wao. Asiyefika siku ya mwethya bila kutuma neno wanamwendea nyumbani wanachukua kitu. Kuku, jembe, chochote. Unakikomboa kwa kufanya kazi. Hata yeye waliwahi kumchukulia redio.

Nimekula chapati kavu kwa mama wa kioski. Nimekasirika vibaya. Niko na shida zangu, sasa nimeolewa na wanawake wa Ikutha bila posa.

Jumatano, 9 Oktoba

Simu na Gicheha. Hakupiga kelele. Yeye hapigi kelele, hiyo ndiyo shida. Alisema, "Brathe, umeondoka miaka, hujatuma hata jembe. Shamba haliliwi kwa kumbukumbu. Njoo Alhamisi ijayo kwa chifu, useme mbele ya watu."

Ningeenda? Gari lipo. Munyao anasema tunamwaga zege wiki hii na ijayo mfululizo, nikitoka nafasi yangu itajazwa, na ukuta ukisimama nusu ataniwekea kinyongo. Hiyo ni sababu moja. Nyingine siisemi kwa mtu. Gicheha alimaliza kidato cha nne, mimi niliachia darasa la saba. Mbele ya chifu yeye ataongea kama redio, mimi nitaangalia viatu vyangu. Najijua.

Nimepanga mawe leo vibaya, Munyao akanibomolesha safu nzima.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimeenda mtoni kukomboa sufuria. Nimebeba mchanga tangu asubuhi. Hawakunisema kitu, walinipa nafasi kwenye mstari kama kawaida. Nzisa tu ndiye alinitania, akauliza kama kwa Wakikuyu kuna mwanamume anayelia kwa ajili ya sufuria. Nikamwambia ni ya mama yangu. Baadaye akanisogezea maji ya kunywa bila kuombwa.

Nzisa hajapanda bado. Wenzake wameshatia mbegu kwenye udongo mkavu, wanangoja mvua izikute ndani. Yeye shamba lake liko mbali na punda wake ameumia mguu. Kila jioni anaangalia mbingu. Nimeanza kuangalia naye.

Sufuria sikupewa. Imepikiwa isyo ya watu wote, imekuwa ya kazi, nitaipata ukuta ukiisha. Nikalalamika. Kalunde akasema nisijali, deni langu limeisha leo. "Sasa limebaki letu," akasema. Sikuelewa, sikuuliza.

Alhamisi, 17 Oktoba

Leo ndiyo siku ya chifu. Sikwenda. Nimechanganya zege tangu alfajiri, simu kwenye mfuko wa shati, kila ikitetemeka namwaga ndoo nje ya mbao. Munyao akanitoa kwenye mbao akaniweka kwenye kokoto.

Mama alipiga jua likiwa limeshuka. Nikapanda kilimani kupata mtandao.

Gicheha aliongea vizuri. Alisema shamba limelala, kaka hajulikani aliko, magugu yamefika kiunoni, nyoka wameingia. Mama akasema mimi nipo na sikubali. Chifu si mtu mbaya. Alimuuliza Mama kama kuna kitu chochote kimepandwa pale. Mama hawezi kusema uongo, alisema magoti yake yameacha kulima tangu mwaka juzi. Basi chifu akasema, kama kungekuwa na mazao shambani angemwambia mnunuzi angoje mpaka yavunwe, na wakati huo nyinyi mngekaa mkasikilizana kama familia. Lakini shamba tupu hana la kulishikia. Gicheha akasema atamleta mpimaji Jumamosi ya tarehe ishirini na sita.

Mama hakulia. Aliniuliza nimekula nini. Nikasema ugali. Akauliza, sufuria bado iko? Nikasema iko.

Jumamosi, 19 Oktoba

Sikutaka kwenda mtoni. Nikaenda. Bora kubeba kuliko kukaa.

Wakati wa kula niliacha bakuli. Kumbe kwao kuacha isyo ni kama kutangaza msiba. Kalunde akaja akakaa juu ya jiwe karibu yangu, akavua kiatu akakung'uta mchanga. Kisha cha pili. Nikaanza kusema. Sijui kwa nini. Nikamwambia yote, Mama, gorofa, Gicheha, chifu. Nilikuwa nafikiri namwambia yeye peke yake, kumbe mstari mzima ulikuwa umenyamaza.

Nilipofika pale pa chifu na mazao, Nzisa akasema, "Hiyo tu? Kulimwa?"

Wakaanza kuongea Kikamba, wote pamoja, haraka. Nikashika neno Kiambu tu, mara nyingi, na sikujua kama ni mimi au ni mahali. Kisha Kalunde akanigeukia. Akasema ile Jumamosi ya kwanza nilifanya kazi kabla sijawa na deni lolote kwao. Siku ile bado wanayo. Mwethya haulali na siku ya mtu.

"Sisi tunakuja kulima kwako," akasema. "Tena tutapanda."

Nikacheka. Nikawaambia Ruiru si ng'ambo ya kilima. Ni kupita Kibwezi, Makindu, Emali, uingie Nairobi utoke. Wakasema lori la simiti la Kyule linarudi tupu kiwandani Athi River kila wiki, na Kyule ni mtoto wa dada yake Kalunde, hana pa kukataa. Nikasema mvua iko karibu, nyinyi mna mashamba. Wakasema tumeshapanda. Nzisa hakusema hivyo. Alikuwa anakwangua sufuria — yangu — na kijiko.

Sikuwaambia shamba ni kubwa namna gani. Hawakuuliza. Hapa mtu akisema shamba ni ekari kadhaa na kilima juu yake.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimemwambia Mama. Akauliza, Wakamba? Nikasema ndiyo. Wanawake? Wengi. Wanakuja kulima bure? Si bure, nikasema, wana deni langu. Akasema hajawahi kusikia mtu akidaiwa hivyo na akafurahi. Halafu akauliza wanakula nini, kama wanatumia viazi.

Kichwa kinakwenda mbele na kurudi. Nalala, naamka, natembea. Je, wakifika wakute mpimaji keshamaliza? Je, Gicheha akiwatukana? Hawa wanataniana wenyewe kwa wenyewe lakini sijaona mtu wa nje akiwatukana.

Ijumaa, 25 Oktoba

Ukuta umekwisha.

Munyao aliweka jiwe la mwisho, akapiga na nyundo, akasema basi. Hakuna hotuba. Ukuta umesimama katikati ya mchanga mkavu kama umesahauliwa na mtu. Upande wa juu hakuna kitu, wa chini hakuna kitu. Inabidi uamini. Nikaupiga teke kidogo kuaga. Umeniumiza kidole.

Mawingu upande wa Mutomo. Nzisa amepanda nusu ya shamba lake jana na leo, nusu imebaki. Nikamwambia abaki, amalize. Akasema kwani mimi ndiye mwenyekiti.

Kesho.

Jumamosi, 26 Oktoba

Naandika juu ya lori. Tumesimama Emali. Injini imezimwa.

Tuliondoka Ikutha giza bado. Turubai chini, majembe katikati, akina mama wamejifunga leso vichwani. Kalunde akanikabidhi sufuria ya Mama. Imesuguliwa mpaka imeng'aa, sikuijua. Ndani imejaa mbegu, kunde na ndengu, kila mmoja ametoa kiganja kutoka kwake. Nimeishika mapajani tangu Ikutha. Sijui kama ndengu zitakubali baridi ya kwetu. Sikusema.

Daraja la Athi wote waliinama kuangalia povu. Nzisa akasema tunaenda kuona linakotoka.

Makindu tulishuka kwenye hekalu la Makalasinga, wale wa vilemba, wao hulisha msafiri yeyote. Kalunde ni mtu wa kanisa, alisita mlangoni, akaangalia wenzake wakivua viatu na kufunika vichwa, mwisho akavua vyake. Wali na dengu, chapati laini. Akala macho chini. Alipotoka akasema wanaongeza bila kuombwa, kama sisi. Nikamtania, mama, angalia sana, umekula na umeongezwa, Jumamosi ijayo watakuja Ikutha kuchukua sufuria yako. Alicheka mpaka akashika mlango wa lori. Hapo ndipo nilipopata nguvu ya kusema. Nikawaambia shamba ni robo ekari. Na katikati kuna nyumba ya Mama na choo.

Nzisa ndiye alianza. "Majembe yote haya kwa kitanda cha sukuma wiki?" Wakapasuka kwa kicheko. Nikaona aibu mpaka masikio. Kalunde akangoja waishe, akasema siku ni siku, kubwa au ndogo, italipwa. Akauliza maji ya mvua kwangu yanashuka upande gani, ili wajue tuta waliweke wapi. Nikafunga macho nikajaribu kuona. Nikaona ukuta wa gorofa kushoto, ukuta wa gorofa kulia. Udongo mwekundu. Mteremko sikuukumbuka. Nimezaliwa pale.

Hapa Emali trafiki wametusimamisha. Watu hawabebwi kwenye lori la mizigo, askari ana haki. Lakini alipochungulia akaona majembe alirudi nyuma hatua. Akauliza tunaenda maandamano gani Nairobi. Kalunde akasema hatuendi Nairobi, tunaenda Kiambu kulima. Askari akasema amekaa barabara hii miaka, ameona Wakamba wakienda Kiambu kuchuma kahawa, kuchimba mawe, kulinda mageti, lakini kwenda kulima bila kuajiriwa hajaona. Amechukua leseni ya Kyule, amemwendea mkubwa wake aliye kivulini upande wa pili. Kyule anamwangalia Kalunde kama mtoto aliyedanganywa.

Mama akapiga. Wamefika. Mpimaji, mnunuzi, Gicheha. Wameshusha vigingi kwenye gari. Nikamuuliza wameanza? Akasema bado, amewaambia hakuna mgeni anaondoka kwake bila chai, na mpimaji ni mtu wa adabu, amekaa. Akashusha sauti. "Nimewasha jiko la makaa. Makaa niliyamwagia maji asubuhi." Kwa nyuma nikasikia watu wakikohoa moshi.

Kisha Gicheha kwenye simu hiyohiyo. Alikuwa amesikia. Akaniambia niwarudishe hao watu, nisimletee aibu mbele ya wageni, nije peke yangu tuongee kama wanaume. Ulimi ukagoma, kama nilivyojua utagoma mbele ya chifu. Kalunde akanyoosha mkono, nikampa simu.

Akamsalimia kwanza. Akamuuliza hali ya watoto. Akasema, "Mwanangu, hatuji kugombana na wewe. Tuna siku ya kaka yako. Tukishapanda, uzeni mkitaka." Akasikiliza kidogo, akasema haya, akanirudishia. Gicheha alikuwa amekata.

Ni muda sasa. Malori yanapita kwenda Mombasa, malori yanapita kwenda Nairobi. Wauza nyanya wanazunguka gari letu wakiuliza kama tunanunua. Nyuma yetu, huko kwao, mbingu imekuwa nyeusi kabisa, na pale kwenye weusi kuna pazia limeshuka mpaka chini. Ni mvua ile. Mto unashuka sasa hivi, unaupiga ukuta wetu, na hakuna hata mmoja wetu wa kuona kama umeshika.

Nzisa ameshuka. Amesimama kando ya barabara na jembe lake, anaangalia kule. Gari la Kibwezi linapiga honi mbele yake, linaita abiria. Nimemwambia aende, nusu ile ya shamba isipopata mbegu leo haitapata tena. Ameegemea mpini.

Askari anavuka barabara anakuja. Leseni iko mkononi, lakini ameifunga kwenye ngumi, siwezi kusoma uso wake.

Mama amepiga tena. Makaa yameshika, maji ya chai yamechemka.